NVDA au Orca: kuchagua kisoma skrini kwa anayefanya kazi zake kwa Kiswahili

Kuna sentensi moja ninayoiandika kwenye kila kompyuta inayoletwa barazani kwangu hapa Makorora, Tanga: "Pole sana, wale wake zake wote wako pale." Haina habari yoyote ndani yake. Nimeichagua kwa sababu pole, wale, wake na pale ni maneno ambayo Kiingereza nacho kinayo, kwa herufi zile zile, ila kinayatamka kivyake. Kompyuta iliyowekewa kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, kisha ikaachwa na sauti ya Kiingereza hunisomea hivi: "Poul sana, weil weik zeik wout wako peil." Mtu asiyeona anayekaa mbele ya mashine kwa mara ya kwanza akiyasikia hayo anajiona amekosea nyumba. Mama mmoja wa Sahare aliniambia, "Basi mwanangu, hii ya waliosoma," akatafuta kandambili zake kwa mguu, akaaga. Kubadilisha ile sauti ni kazi ya nusu dakika. Siku ile nilichelewa kuifanya, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achukue NVDA, kisoma skrini cha Windows, au Orca, cha Linux (mfumo huria unaokaa mahali pa Windows), sianzi kumhesabia mambo ambayo kila moja inaweza. Namuuliza maswali matatu. Una mashine gani? Kwa siku nzima unasoma zaidi Kiswahili au Kiingereza? Na kompyuta ikinyamaza saa mbili usiku, utampigia nani? Hili la tatu watu hawalifikirii, na ndilo linaloamua mara nyingi.

Mimi mwenyewe sioni. Presha ya macho ilinimaliza nikiwa kidato cha tatu, na kompyuta nimejifunza baada ya hapo, kwa masikio tu. Riziki yangu ni kupiga chapa: mihutasari ya vikundi vya kuweka na kukopa, barua za kuomba kazi, katiba za vyama vya wavuvi. Laptopu ya kazi ina Windows na NVDA. Nyingine, kuukuu, ina Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, na Orca. Zote mbili nazigusa kila wiki, na ninayoyasema hapa nimeyapitia kwa vidole vyangu.

Kwanza niliondoe njiani la kulipia. JAWS ya kampuni ya Freedom Scientific ya Marekani ni kongwe. Ilianza kwenye DOS, mfumo wa kabla ya Windows, mwaka 1989, na mwanzilishi wake, Ted Henter, ni mtu asiyeona. Ni kazi nzuri, siikatai. Lakini leseni yake huhesabiwa kwa mamia ya dola, na bila leseni inakusomea dakika 40 tu, kisha lazima uwashe kompyuta upya. Mwenye mwajiri wa kumlipia aitumie kwa raha zake. Asiye naye, huku kwetu, huishia kuuziwa nakala iliyovunjwa. Nami niliuziwa. Duka moja mjini liliniwekea kwa shilingi 30,000, na wiki ya pili faili zangu zote zikawa hazifunguki, zimeliwa na virusi. Ndani yake mlikuwa na mihutasari ya miaka miwili ya kikundi cha akina mama. Ilibidi nirudi kwao kuwaomba wanisomee madaftari yao upya, kikao baada ya kikao, nami naandika. Walikuja zamu kwa zamu muda wa mwezi mzima na hawakunitoza kitu. Tangu hapo natumia programu huria, ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzichukua, kuzinakili na kumpa jirani bila kuvunja sheria ya mtu. NVDA na Orca zote ni za namna hiyo.

Malezi yao lakini ni tofauti, na tofauti hiyo utaisikia kwenye matumizi. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akashirikiana na rafiki yake James Teh. Wote wawili hawaoni, na walifahamiana tangu utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Mwaka 2007 wakaunda shirika lisilo la faida, NV Access, ambalo mpaka leo ndilo linaloisimamia. Orca ilikulia ndani ya kampuni ya Sun Microsystems. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 kazi ikabaki bila kampuni kubwa nyuma yake, na kwa miaka mingi mzigo mkubwa umebebwa na mwanamke mmoja, Joanmarie Diggs. Namheshimu sana. Ila programu inayobebwa na mikono michache haiwezi kurekebishwa kwa kasi ile ile.

Wingi wa watumiaji nao una uzito. Katika uchunguzi wa watumiaji wa visoma skrini ambao WebAIM, taasisi ya Marekani ya kufanya mtandao ufikike kwa wenye ulemavu, iliufunga mwanzoni mwa 2024, asilimia 65.6 ya waliojibu walisema NVDA ni miongoni mwa visoma skrini wanavyotumia. Wengi wa waliojibu wako Marekani na Ulaya, ambako JAWS mara nyingi hulipiwa na ofisi, na bado NVDA iliipita kwa hesabu hiyo. Maana yake kwa mtu wa Tanga ni kwamba akikwama, swali lake mtu mwingine alishalikuta na jibu liko mahali.

Mashine uliyonayo

Laptopu yenye Windows 10 au 11: weka NVDA, habari imeisha. Faili lake la kusakinisha halifiki MB 100, bando la siku linatosha. Ukilifungua tu linaanza kuongea lenyewe kabla hata hujakubali masharti. Na kama kompyuta ni bubu kabisa, bonyeza Control, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Windows ina msomaji wake wa ndani, na huyo atakushika mkono mpaka umalize kuweka NVDA. Humhitaji mwenye macho hata kwa dakika moja.

Laptopu za mtumba ndizo zenye maneno. Nyingi zinazoletwa kwangu zina Windows 7. Toleo la mwisho la NVDA linalokubali Windows 7 ni 2023.3.4. Kuanzia 2024.1 haiikubali tena. Lile toleo la zamani bado linafanya kazi, lakini Windows 7 yenyewe haipati tena marekebisho ya usalama, na vivinjari vipya vimeshaiacha. Hapo ndipo Orca inapokuja na hoja ya kweli. Mashine yenye RAM ya GB 4, hata GB 2, ukiiwekea Debian yenye MATE, mpangilio mwepesi wa madirisha na menyu, inafufuka.

Na uwekaji wake ni jambo ambalo nitalisifu kila ninapopata nafasi. Unachomeka flashi yenye Debian, unawasha, unasubiri menyu ya kwanza, unabonyeza herufi s kisha Enter. Basi. Kuanzia hapo inakusomea kila swali: lugha, jina lako, nenosiri, namna ya kugawa diski. Ikimaliza, mfumo wote unawaka ukiwa tayari unaongea. Mimi nilifanya hivyo usiku, watu wote wamelala, taa sikuwasha kwa kuwa sikuwa na haja nayo. Alfajiri mke wangu alinikuta bado nimekaa hapo hapo, namsomesha Orca magazeti. Kwa miaka yote niliyokuwa sioni, ilikuwa mara ya kwanza kompyuta kuwa yangu tangu tumboni, bila mtu kunisomea skrini hata mara moja.

Gharama yake iko kwenye bando. Flashi ndogo ya Debian haizidi GB moja, lakini wakati wa kusakinisha huvuta vitu vingine vingi mtandaoni. Ubuntu, Linux nyingine ambayo nayo ina Orca ndani yake (kitufe cha Windows, Alt na S kwa pamoja), inazidi GB 5 kuipakua. Usiipakue kwa bando la simu. Tafuta mwenye flashi tayari.

Sauti

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mtu wa Kiswahili anapopata au anapokosa.

Kisoma skrini chenyewe hakina koo. Kinakusanya maneno kwenye skrini na kuyapeleka kwa programu nyingine inayoyatamka. NVDA na Orca, pamoja na tofauti zao zote, hufika kwenu zikiwa na koo moja: eSpeak NG. Mwanzo wake ni kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, aliyeianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn. Mwishoni mwa 2015 Reece Dunn akaiendeleza kwa jina hili la sasa. Ina lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kimo, na zote pamoja ni MB chache tu. Siri ni kwamba maneno yake hayakurekodiwa kutoka kinywani mwa mtu. Sehemu kubwa ya sauti inaipigia hesabu ya mawimbi papo hapo. Ndiyo maana inasikika kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa la bati, na ndiyo maana haikawii hata kidogo. Unabonyeza herufi, inaitaja kidole kikiwa bado kwenye kitufe.

Kiswahili kinaifaa kuliko Kiingereza. Silabi zetu ziko wazi, tunavyoandika ndivyo tunavyosema, na mkazo karibu daima uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Programu ikishajua kanuni hizo chache haina pengine pa kupotelea. Kiingereza kinaihitaji orodha ndefu ya maneno yasiyofuata kanuni.

Kwenye NVDA unabonyeza Control, kitufe cha NVDA na S, unachagua eSpeak NG, Enter. Kisha Control, kitufe cha NVDA na V, unashuka kwenye orodha ya sauti mpaka usikie Swahili, Enter. Kitufe cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukiichagua. Kwenye laptopu chagua Caps Lock, utanishukuru. Kwenye Orca ni Insert na upau wa nafasi, kisha ukurasa wa sauti. Ukitaka kujua kwanza kama kompyuta ya Linux ina Kiswahili, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike espeak-ng -v sw "habari za asubuhi", nayo itakusalimu.

Sasa tatizo lenyewe. NVDA ina uwezo wa kubadili lugha yenyewe inapokutana na maandishi yaliyowekewa alama ya lugha yake. Kurasa nyingi za Kiswahili mtandaoni hazina alama hiyo, hata za magazeti, kwa hiyo zinasomwa kwa sauti yoyote uliyoiweka. Ukiweka Kiingereza, unarudi kwa "weil weik zeik". Ukiweka Kiswahili, gazeti linasomeka vizuri lakini menyu za kompyuta, ambazo ni za Kiingereza, zinasomwa kama zilivyoandikwa: File inakuwa "fi-le", Save "sa-ve", na Home inasikika karibu na homa.

Nimeshabadilisha mawazo juu ya hili. Zamani niliwawekea wanafunzi wangu sauti ya Kiingereza, nikidhani menyu ndiyo ngumu. Sasa naweka Kiswahili kila mahali, kuanzia dakika ya kwanza. Binti mmoja ninayemfundisha, aliyemaliza darasa la saba na Kiingereza chake ni kidogo, huniambia, "Mwalimu, nimeenda fi-le, nimeshuka mpaka sa-ve, nimepiga Enter." Na barua yake imehifadhika sawasawa. Kwake "fi-le" ni jina la mahali, kama Ngamiani au Chumbageni. Halimpunguzii kitu.

Mwenye kazi za lugha mbili, kama mimi, atafaidi profaili za NVDA. Unaweza kuiambia kwamba ukiwa kwenye programu ya kuandikia itumie sauti ya Kiswahili kwa kasi hii, na ukiwa kwenye barua pepe itumie ya Kiingereza kwa kasi ile. Inabadili yenyewe unapohama. Orca nayo ina mpangilio wa kila programu peke yake, ila kwa mkono wangu ule wa NVDA ni rahisi kuupata na rahisi kuufundisha.

Kuna wanaoichukia eSpeak. Siwalaumu. Kwa mtu aliyepata upofu ukubwani, anayekumbuka sauti za watangazaji wa redio, lile pipa la bati ni adhabu. Kuna njia mbili za kupata sauti tamu zaidi. Ya kwanza ni Piper, nayo huria, iliyofundishwa kwa rekodi za mtu halisi. Ina sauti ya Kiswahili iitwayo lanfrica, iliyoorodheshwa kwenye Kiswahili cha Kongo, na inafanya kazi bila intaneti. Ya pili ni sauti za Microsoft za Kiswahili cha Tanzania, Daudi na Rehema, unazoweza kuzisikia kwenye kivinjari cha Edge ukimwambia asome ukurasa. Hizo si huria, na bando likiisha zinanyamaza.

Rehema anasoma vizuri sana, mpaka mama yangu aliuliza ni mtoto wa nani. Lakini jaribu kuandika barua kwa sauti za namna hiyo, ukitaka kusikia kila herufi unayoibonyeza. Zinavuta pumzi kwanza. Robo ya sekunde kwa kila kitufe, ukishaandika kurasa tatu, ni kichwa kuuma. Kwa hiyo ninawashauri watu watumie eSpeak kufanya kazi, na sauti tamu kusikiliza habari ndefu jioni. Na wasiiharakishe eSpeak. Anza taratibu, ongeza kidogo kila wiki. Baada ya miezi mitatu utakuwa unasikiliza kwa kasi ambayo mgeni akipita barazani hawezi kushika neno hata moja.

Kazi za kila siku

Kwenye kurasa za mtandao hazijapishana sana. Zote mbili unabonyeza H kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, K kwenda viungo, T kwenda majedwali. NVDA ina njia ninayoipenda: kitufe chake pamoja na F7 kinafungua orodha ya viungo vyote au vichwa vyote vya ukurasa, unaandika herufi za mwanzo na kufika. Kwa fomu za kuomba vyuo hilo linaokoa nusu saa.

Kwenye maandishi, swali ni unamwandikia nani. Kama kazi zako zinaishia kwenye karatasi, LibreOffice, programu huria ya kuandikia, juu ya Linux na Orca inatosha kabisa. Katiba ya wavuvi niliyoitaja niliiandika humo yote. Kama unatumiana na ofisi zinazotaka Word na Excel zenye majedwali, maoni ya pembeni na marekebisho yaliyowekewa rangi, NVDA kwenye Windows iko mbele na sioni haja ya kubishana.

Picha ndizo zinazotutesa. Tangazo la kazi linarushwa WhatsApp likiwa picha. Barua ya mirathi imeskaniwa. Kisoma skrini kikifika hapo kinasema tu "picha". NVDA ikiwa kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe chake na R, nayo inachomoa maneno kutoka kwenye picha iliyopo mbele yako na kukusomea. Kwa kuwa Kiswahili hakina herufi zenye alama za ajabu juu yake, hata ikiwekwa Kiingereza inasoma vizuri maadamu picha ni safi. Kwenye Linux unatumia Tesseract, ambayo ina data za Kiswahili zenyewe na kwa skani chafu hunipa matokeo mazuri zaidi, lakini ni amri za terminali. Mimi nazipenda. Mzee wa miaka sitini anayetaka kujua barua ya mirathi inasemaje hatazipenda.

Kwa wenye vifaa vya breli vya kielektroniki, NVDA na Orca zote zinavikubali. Bei ya vifaa hivyo inawaweka mbali na wengi wetu, kwa hiyo sitaendelea.

Ikinyamaza

Siku moja nilisasisha Debian, nikaiwasha, kimya. Diski inazunguka, feni inavuma, hakuna neno. Nilijaribu kuiita Orca upya, nikaenda kwenye skrini ya maandishi, nako kimya. Ilibidi nimwamshe mpwa wangu wa darasa la sita anisomee skrini, neno kwa neno, maneno ambayo hajawahi kuyaona, na mimi nikimwelekeza aandike nini. Ilikuwa ni sauti ya mashine iliyohamia kwenye tundu la runinga. Ilituchukua saa mbili na nusu, mtoto anapiga miayo.

Windows nayo hunyamaza. Tofauti ni kwamba kuna ngazi za kushukia. Control, Alt na N inaiwasha NVDA upya. Isipoitika, yule msomaji wa ndani wa Windows ni koo la pili, lisilotegemea la kwanza. Na yote mawili yakishindwa, mtembezee fundi yeyote wa Barabara za Ngamiani, atajua pa kugusa, kwa sababu Windows ndiyo anayoitengeneza kutwa. Fundi wa Linux yupo Tanga, lakini utamtafuta.

Kuna jambo jingine lililoongeza uzito upande wa NVDA. Kuanzia toleo la 2025.1 ina njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa mbali ndani yake yenyewe. Nina kijana mmoja Lushoto ninayemsaidia hivyo. Yeye huko milimani anawasha, mimi hapa nasikia kompyuta yake ikinisemea masikioni na nabonyeza vitufe vyake kutoka barazani kwangu. Nauli ya basi na siku nzima ya safari zimebaki kwetu.

Wengine wachache

Wapo wanaofanya kazi kwa maandishi matupu, bila madirisha. Speakup, kisoma skrini cha namna hiyo, imo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux yenyewe. Mwaka 2020, kwenye toleo la 5.9, ilitolewa chumba cha majaribio na kukubaliwa rasmi. Emacspeak ni ya T. V. Raman, mwanasayansi asiyeona mzaliwa wa India, nayo ipo tangu 1995. Hiyo ni dunia kamili ya sauti ndani ya mhariri wa maandishi wa Emacs. Kijana anayetaka kuwa mwandishi wa programu azijaribu, nitafurahi. Wa kupiga chapa hazihitaji.

Na simu: TalkBack ya Android msimbo wake uko wazi, na eSpeak NG inapatikana humo pia, kwa hiyo ukishaizoea sauti kwenye kompyuta unaweza kwenda nayo mfukoni.

Ninavyowagawia watu

Mwanafunzi anayekwenda chuo, yule aliyetoka shule ya wasioona ya Irente akapanda sekondari na sasa anatakiwa kuwasilisha kazi kwa Word: NVDA, Windows, na ajifunze profaili mapema. Mwenye mashine kuukuu isiyokubali Windows mpya na mwenye mtu wa Linux wa kumpigia simu: Debian na Orca, bila hofu. Mwenye mashine kuukuu asiye na mtu huyo, namwomba asubiri, achange fedha kidogo kidogo apate laptopu ya mtumba inayobeba Windows 10. Najua ni kauli nzito kwa asiye na kitu, na Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 2025. Bado naisema, kwa sababu nimeona kompyuta tatu za Orca zikigeuka meza ya kuwekea vikombe baada ya kunyamaza mara moja tu.

Asiye na kompyuta kabisa anafaa kuwa na flashi. NVDA inaweza kutengeneza nakala yake ya kubeba: unaingia kwenye menyu yake, unaenda kwenye zana, unachagua kutengeneza nakala ya kubebeka na kuiambia ichukue mipangilio yako pamoja nayo. Flashi hiyo ukiichomeka kwenye kompyuta ya steshenari yoyote, mwenye duka akikuruhusu, inaongea kwa sauti yako na kasi yako, na ukiichomoa hujamwachia kitu. Mahali pamoja inanyamaza: Windows ikiuliza ruhusa ya msimamizi, ile skrini nakala ya kubeba haiwezi kuisoma. Hapo utamwomba mwenye duka akubonyezee, au ubonyeze Escape urudi ulikotoka. Orca haina kitu cha kulinganisha na hicho. Flashi ya Linux unayoiwasha nayo inataka kompyuta izimwe kwanza, na steshenari gani itazima mashine yake saa nne asubuhi foleni ikiwa mlangoni.

Mashine atakayoitumia yule mama wa Sahare nimeimaliza juzi. Sauti ni ya Kiswahili kila mahali, kasi iko chini, kitufe cha NVDA ni Caps Lock, ambayo nimeibandika kipande cha plasta ya dukani ili kidole chake kiipate. Kompyuta ni ya mtoto wa dada yake, pale pale Sahare, na ameshakubali. Siku ya kwanza hatutaandika chochote. Tutabonyeza Caps Lock na namba 1, ambapo kila kitufe ukigusacho kinajitaja jina bila kufanya kitu, naye atazunguka kibodi nzima kwa muda wake, akianzia kwenye vile vinundu viwili vya F na J. Nimeahidiwa kupelekwa kwa bodaboda Jumamosi baada ya adhuhuri.